Laptopu inawaka kwa betri lakini haiingizi chaji: usikimbilie kununua betri

Mkuu, umesema laptopu yako inawaka vizuri kwa betri, ila ukichomeka chaja asilimia zinazidi kushuka, na fundi amekwambia betri imekufa ununue nyingine. Kabla ya yote, chaji iliyobaki itumie kunakili ripoti yako ya utafiti kwenye fleshi au kujitumia kwa barua pepe. Fanya leo. Kila jaribio nitakalokuelekeza linakula chaji hiyohiyo, na ikiisha, kuzipata faili zako kutahitaji kufungua mashine.

Natengeneza kompyuta hapa Majengo, Dodoma, na mashine zenye tatizo kama lako huja mezani kwangu kila mara, nyingi zikiwa zimeshavalishwa betri mpya na bado hazichaji. Mwenye betri iliyokufa kabisa huja na kilio kingine: akichomoa chaja tu, mashine inazima papo hapo. Yako ni kinyume. Betri yako inatoa umeme, kwa hiyo cha kwanza kujua ni kama umeme wa chaja unafika ndani.

Angalia alama ya betri chini kulia kwenye skrini. Ukichomeka chaja, alama ya plagi inatokea? Isipotokea, mashine haijui kabisa kwamba kuna chaja, na kosa liko popote kuanzia ukutani hadi pale umeme unapoingilia kwenye bodi, yaani sakiti kuu ya ndani. Ikitokea, lakini Windows ikasema imechomekwa ila haichaji, basi umeme umefika na kuna kitu kinauzuia usiingie kwenye betri. Hizi ni njia mbili tofauti, na ukizichanganya utapoteza hela.

Tuchukue ya kwanza. Achana na ekstensheni, chomeka ukutani moja kwa moja. Vyumba vingi vya kupanga huko Ng'hong'hona ekstensheni moja inabeba pasi, jagi la umeme na chaja tatu, na matundu yake yanalegea haraka. Kisha jaribu waya mwingine wa kutoka ukutani hadi kwenye boksi la chaja. Waya huo hubadilishwa kirahisi na mara nyingi ndio uliokatikia ndani.

Sasa itazame taa ya chaja, kama inayo. Isipowaka kabisa hata ikiwa peke yake, chaja imekufa, na hapa kwetu huwa inatokea umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo msimu wa radi. Ikiwaka ikiwa peke yake, halafu ikazima unapoichomeka kwenye laptopu, simama hapo. Chaja imejikinga: ama imechoka haiwezi kubeba mzigo, ama ndani ya laptopu kuna shoti. Ijaribu kwenye laptopu nyingine ya modeli hiyohiyo. Ikichaji kule vizuri, shoti iko kwenye bodi yako, na kuendelea kuilazimisha kutaunguza zaidi.

Ukipata multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 200. Kwa chaja za mdomo wa duara, waya mweusi gusa nje ya mdomo, mwekundu gusa ukuta wa ndani. Dell na HP nyingi zinasoma karibu 19.5, Lenovo karibu 20. Ukiona sindano nyembamba katikati, usiiguse, hiyo si ya kupeleka umeme mkubwa. Chaja ya USB-C haipimwi hivi, kwa sababu haitoi zaidi ya volti 5 hadi iongee na laptopu ndipo ipande. Ndiyo maana chaja ndogo ya simu inaingia kwenye tundu vizuri na bado haichaji kitu.

Chaja ikiwa nzima, mulika tochi ndani ya sistimu ya chaji, yaani tundu la laptopu unalochomekea chaja. Vumbi la Dodoma kati ya Juni na Oktoba linaingia kila mahali, na kwenye USB-C linashindiliwa hadi mdomo haufiki mwisho. Zima mashine, toa vumbi kwa kijiti cha mbao, si kwa pini ya chuma. Kisha tikisa mdomo wa chaja taratibu. Alama ikiwaka na kuzima, sistimu imelegea. Kwenye modeli nyingi sistimu ina waya wake unaochomekwa kwenye bodi, hivyo inabadilishwa bila kulehemu. Uliza hilo kabla ya kukubali bei ya fundi.

Njia ya pili, plagi inaonekana lakini haichaji, ndiyo inayowapotosha watu wengi. Ile sindano ya katikati kwenye chaja za Dell na HP inaitambulisha chaja kwa mashine. Ikivunjika, au chaja ikiwa feki, laptopu inafanya kazi kwa umeme wa ukutani, mara nyingine taratibu kuliko kawaida, ila inakataa kuchaji betri. Dell huandika onyo ikiwaka kwamba haitambui aina ya chaja. Ukiliona, azima chaja orijino kabla hujagusa betri.

Laptopu nyingi tunazonunua zilitumika maofisini nje ya nchi, na zinakuja na mipangilio ya huko. Kama yako inagoma asilimia 60 au 80, hiyo ni kinga ya betri. Itafute kwenye programu ya Lenovo, Asus au Dell, au ndani ya BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Joto nalo linazuia: seli zikipita kama nyuzi 45 chaji inasimama. Laptopu iliyokaa ndani ya gari mchana wa Novemba, iache ipoe kwanza.

Bado inagoma? Zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka kwa nje, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30, kisha iwashe kwa chaja pekee. Ikiwaka bila betri, chaja na sistimu ni nzima. Hapo ndipo betri inapostahili kushukiwa: irudishe, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti itakayotengenezwa ulinganishe ujazo wa kiwandani na wa sasa. Isipowaka, wakati chaja na sistimu umeshazihakiki, kazi iko kwenye bodi, mara nyingi transista zinazoruhusu umeme wa chaja uingie au IC ya chaji, ile chipu inayosimamia kuchaji. Mpelekee fundi anayepima volti hatua kwa hatua, na umkatalie anayetaka kupuliza bodi nzima kwa hewa ya moto kabla hajapima.

Niandikie modeli, kama plagi inaonekana, na taa ya chaja inafanya nini ukichomeka. Kwa hayo matatu nitakwambia uanzie wapi.