Fundi, au Yule wa Figo?

SWALI: Mimi ni seremala mwenye umri wa miaka 51. Huu ni mwaka wa nne nasafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Mtaani nilikuwa Fundi; sasa ni "yule wa figo". Nyumbani mambo huamuliwa bila mimi, kisha naambiwa nipumzike. Je, nimekosa shukrani kwa kuumia hivi?
Fundi, Mombasa

JIBU: Ndugu Fundi, hujakosa shukrani, kwani mtu anaweza kushukuru kwa kubaki hai na wakati huohuo akaililia hali aliyokuwa nayo. Mashine hiyo haichukui zile saa 12 za wiki peke yake. Inakupimia maji ya kunywa, inakukataza madafu na ndizi kwa sababu ya potasiamu, madini ambayo figo zilizoshindwa haziwezi kuyatoa mwilini, hata ukitembelea watu unalazimika kukataa unachokirimiwa na kueleza ugonjwa wako upya. Mkono wenye mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili kupitishia damu kwenye mashine, ambao ukiugusa unatetema, haufai tena kubebeshwa mbao nzito, na kwa seremala mkono si kiungo tu.

Clyde Shields wa Seattle, Marekani, aliyeanza tiba hii mwaka 1960 na kuishi nayo miaka 11, alikuwa fundi mitambo. Hata hivyo, anapotajwa leo, aghalabu hutajwa kama mgonjwa. Jina hilo hubandikwa upesi, na nijuavyo mimi, wanaolibandika mara nyingi ni wale wanaotupenda.

Kwa hiyo anzia nyumbani. Waambie kwamba jioni ya siku ya mashine huna nguvu za mazungumzo, lakini kesho yake unataka kuulizwa kuhusu karo, kodi na posa ya binti. Kazini, kupima, kukadiria gharama na kumfundisha kijana kuranda ni useremala pia; uzito unaoruhusiwa kuinua muulize muuguzi wako.

Iwapo usingizi umepotea, hamu ya kula imekwisha, au umeanza kufikiria kuacha kwenda kusafishwa, mweleze daktari wako bila kungoja kliniki ijayo, kwa sababu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, huwapata wengi walio katika tiba hii, nayo inatibika.