Mchele wa Komoro: mwaka juu, mwaka chini

Yaya, umebandika grafu na kuuliza kwa nini mchele unaoingizwa Komoro unapanda mwaka mmoja na kuporomoka unaofuata, kana kwamba watu wamekinai wali. Hawajakinai. Ni meli. Nchi yenye watu chini ya milioni moja, ambayo karibu mchele wake wote hutoka nje, huletewa kwa shehena chache kubwa. Meli ikitia nanga tarehe 28 Desemba, inahesabiwa mwaka huu. Ikichelewa wiki moja tu, imeingia mwaka ujao. Hata mimi hapa Bukavu: nikinunua gunia la kilo 25 tarehe 30, daftari la mwezi huo linatisha, la mwezi unaofuata kimya, na sufuria ni ileile.

Kwa hiyo usitazame mwaka mmoja mmoja. Jumlisha mitatu, gawa kwa tatu.

Mashimo yatakayobaki kwenye grafu baada ya hapo, yaani miaka ya kushuka kweli, ndiyo ya kuchunguza. Julai 2023 India ilizuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati. Baadaye mwaka huo Komoro ikaruhusiwa kununua tani 20,000, na zuio likaondolewa Septemba 2024. Halafu kuna 2008, mchele wa Thailand ulipofika kama dola 1,000 kwa tani. Mwaka wa namna hiyo pesa zinaweza kupanda huku magunia yakipungua, na grafu uliyobandika, nikiangalia vizuri pembeni, imeandikwa dola. Tafuta ya tani.