"Mili" tano za nini?

SWALI: Fundi umeme aliniagiza waya wa "mili mbili na nusu". Jioni, duka la dawa wakasema nimpe mtoto "mili tano". Mili ni kipimo cha nini hasa? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Peke yake si kipimo cha chochote, na kilo vilevile. Ni viambishi tu, hubandikwa mbele ya kipimo kukikuza au kukigawa. Ajabu ni kwamba vyote viwili asili yake ni "elfu": kilo kwa Kigiriki, mili kwa Kilatini. Wafaransa, mwaka 1795, walikipa Kigiriki kazi ya kuzidisha na Kilatini kazi ya kugawa. Ndiyo maana kilomita 80 hivi za kutoka kwako hadi huku Arusha ni mita 80,000, ilhali milimita ni kipande kimoja cha mita iliyokatwa vipande elfu.

Sisi tumekata mkia wa neno, muktadha unamalizia. Ukiomba kilo ya maharage pale Soko la Kilombero, nani atakuuliza kilo ya nini? Waya wako nao ni wa milimita za mraba 2.5, yaani eneo la mkato wa shaba yake, na muuza duka anajua.

Kwenye dawa ndipo ninapokuwa mkali. Parasetamoli ya maji ya watoto mara nyingi huandikwa miligramu 120 katika kila mililita 5. Mili mbili kwenye chupa moja! Ya kwanza ni uzito wa dawa yenyewe, ya pili ni ujazo wa kile unachomimina. Hapo tamka neno lote: mililita tano.

Hukuniuliza ngeli, lakini nimechoka kusoma "kilo kimoja". Kitabu tulikitoa Uarabuni, tukadhani ki- ni yetu, tukapata vitabu. Kipilefti cha Mnara wa Saa hapa mjini kina wenzake vipilefti. Kilo iliponyoka, hakuna "vilo": ni kilo moja, kilo hii, kilo hizi.

Na ukiandika kifupi, chunga herufi. M kubwa ni mega, mara milioni, na megagramu moja ni tani. Ukiandika "Mg 120" kwenye karatasi ya yaya, umemwagizia mtoto tani 120 za parasetamoli.