Jibu: Binti asisubiri kocha ampigie simu

Dada yangu, umeuliza kama binti yako, aliye darasa la kumi na moja huko Ohio, Marekani, asubiri makocha wa timu za michezo za vyuo wamtafute akawachezee. Asisubiri hata wiki moja. Nafasi ni chache, na siku hizi makocha wengi huzijaza kwa wachezaji wanaohama kutoka vyuo vingine. Amwandikie kocha barua pepe yeye mwenyewe, si wewe: kimo, nafasi anayocheza, alama za darasani, ratiba ya mechi na video ya dakika 3, namba ya jezi ionekane vizuri. Asionyeshe kufunga tu, aweke na ulinzi. Niliwahi kukaa karibu na kocha mmoja kwenye mechi ya mpwa wangu. Mtoto alipofunga, kocha hakuandika kitu. Mtoto alipotolewa uwanjani akaenda kumpa mwenzake maji, hapo kalamu ikatembea.

Masomo ndiyo yanayowakwamisha wengi. Divisheni ya 1, ngazi ya juu kabisa ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani), inataka masomo ya msingi 16 ya sekondari yenye wastani wa 2.3 kati ya 4, kwa hiyo mwoneni mshauri wa shule mapema. Divisheni ya 3 haitoi ufadhili wa michezo, ila misaada mingine ya masomo ipo. Usiidharau.