Jibu: Mpe penseli, mengine yatafuata

Ndugu, umeuliza umfanyeje mwanao wa miaka 7 aipende besiboli kama marehemu baba yako alivyoipenda, maana anachoka kabla mechi haijafika katikati. Usimlazimishe kukaa awamu zote 9. Mpe kazi.

Mimi nilinaswa na daftari la babu la kuandikia kila tukio la mechi. Kila mlinzi uwanjani ana namba ya nafasi yake: mrushaji 1, mdakaji 2, hadi 9. Mpira ukiokotwa na namba 6, akamtupia namba 4, naye akamalizia kwa namba 3, unaandika 6-4-3: wapinzani wawili wametolewa kwa pigo moja. Mpigaji akitolewa kwa straiki tatu, yaani mirusho mizuri aliyoikosa au kuiacha, unaandika K. Akiiangalia tu ile ya tatu bila kuzungusha gongo, K inageuzwa kinyume. Hiyo K ya kinyume ndiyo iliyonimaliza kabisa! Babu alinikabidhi penseli, akanyamaza, nami sikubanduka tena. Sasa binti yangu anaandika kwenye daftari lilelile, chini ya mwandiko wa babu.

Msimulie pia habari za wachezaji wa besiboli wa Marekani, Ken Griffey Sr. na mwanawe Ken Griffey Jr. Tarehe 14 Septemba 1990, wakiichezea pamoja timu ya Seattle Mariners, baba alipiga mpira ukavuka ukuta, na mwana akafuata papo hapo akapiga wake. Mpaka leo nikiisimulia sauti inanibadilika.

Halafu rushianeni mpira jioni, hata dakika 10. Glavu ya marehemu ipake mafuta ya ngozi, mtoto aivae hata kama inampwaya.