Saa nane yako si saa nane ya darubini

Juzi kijana mmoja wa Iringa ameniandikia: "Shikamoo kaka, ile picha ya Carina umetumia simu gani?" Carina ni nebula, wingu la gesi huko kwenye nyota, na picha yake niliipiga kwa darubini ya kukodi iliyoko Chile. Nilicheka mpaka Mama Tumaini akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Halafu nikanyamaza, kwa sababu nilipoanza mimi maswali yangu yalikuwa ya ovyo kuliko hilo, na majibu yake niliyanunua kwa hela.

Kwa wageni: mimi riziki yangu ni kupiga picha za harusi, vipaimara na mahafali, ukifika Mwanjelwa, hapa Mbeya, ukauliza utanipata. Nyota ni ugonjwa tu. Nilianzia shambani kwa mjomba, upande wa Uyole, na kadarubini ka mtumba na baridi ile ya Juni inayokufanya usijue kama bado una vidole. Anga ya huku kwetu kiangazi ni nzuri, nisiikufuru. Nebula ya Lagoon inapita karibu na utosi. Lakini nebula za Orion na Rosette zinapendeza miezi ileile ambayo sisi tuko kwenye mvua, Carina hata ikipanda vipi haifiki nyuzi 40 kutoka upeo wa macho, na ikifika Agosti watu wanaanza kuchoma mashamba, moshi kila mahali. Ndiyo maana nikaamua kukodi.

Unakodi saa za darubini iliyoko Chile, kwenye milima mikavu ambako mawingu ni mgeni. Unatuma mpango kwa intaneti: unapiga nini, kwa filta ipi, sekunde ngapi, kuanzia saa ngapi. Paa linafunguka lenyewe, kamera inapiga, wewe unapakua mafaili. Rahisi, sivyo?

Haya. Usiku wangu wa kwanza ulikuwa Juni. Nilikaa na daftari nikapiga hesabu: Carina itakuwa pazuri kuanzia saa 1 jioni ya Chile hadi saa 5 usiku. Kwetu hiyo ni saa 8 usiku hadi saa 12 alfajiri. Nikaandika 02:00 hadi 06:00, nikalipa saa nne, hela niliyoipata kwa harusi nzima ya Jumamosi. Nikaweka alamu. Saa 8 nimeamka, nimejifunika blanketi, nasubiri. Kimya. Saa 9 kimya. Saa 11 ndiyo darubini ikaanza, ikapiga kama saa moja na robo, Carina ikashuka chini ya nyuzi 30 na mtambo ukasimama wenyewe, maana chini ya hapo hauruhusiwi. Picha saba.

Kalenda ya kituo haikufuata saa ya Mbeya wala ya Chile. Ilifuata UTC, saa ya pamoja ya dunia nzima, ambayo sisi tunaitangulia kwa saa tatu. Nilitakiwa kuandika 23:00, tena ya tarehe iliyotangulia! Nikawaandikia kwa unyenyekevu wote. Wakanijibu mstari mmoja, kosa ni la mteja, hela hairudi. Kosa ni langu, sikatai. Lakini mtambo uliojua kwamba kitu kinakaribia kuzama ungeshindwa kuniambia kabla ya kuchukua hela? Mpaka leo linanikaa kooni.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: andika UTC. Usiandike saa ya Chile, kwani wenzetu wale wanasogeza saa zao kiangazi na kipupwe, leo mnapishana saa sita, kesho saba. UTC haisogei.

Sasa filta, yaani vioo vya kuchuja mwanga, maana wengi mmeniuliza zinafanya kazi gani. Gesi ya nebula haing'ai kwa rangi zote kama taa ya ukumbini. Haidrojeni inang'aa kwenye nanomita 656 (hicho ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, ndio unaoamua rangi), oksijeni kwenye 501, salfa kwenye 672. Filta ya mkanda mwembamba, tuseme ya nanomita 3, inapitisha kipande hicho tu na kufungia nje karibu kila kitu kingine, mbalamwezi ikiwemo. Kamera yenyewe ni ya nyeusi na nyeupe. Faili likifunguka ni jeusi tii, na vinyota. Unavuta mwanga taratibu kwenye programu, na moshi wa nebula unaanza kujitokeza, mikunjo kwa mikunjo, kama mvuke wa chai ukiutazama dhidi ya dirisha. Mara ya kwanza nilisahau hata zile hela.

Rangi unaweka mwenyewe: salfa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni bluu, mtindo uliojulikana kwa picha ya Hubble, darubini iliyoko angani, ya mwaka 1995 ya nguzo za nebula ya Eagle. Haidrojeni ina nguvu kuliko wenzake, kwa hiyo usipoipunguza kila kitu kinakuwa kijani. Yangu ya kwanza waliiita kisamvu. Na jamaa mmoja kwenye kundi letu la wapiga picha akaongeza: "Darubini si yako, picha si yako." Ndugu yangu, ukumbi wa kukodi, gauni la kukodi, lenzi umeazima kwangu, mbona picha za harusi unaziwekea jina lako?

Machi hii nimerudi Carina. Saa 14 kwa usiku kadhaa: haidrojeni 4, salfa 4, oksijeni 6. Oksijeni niliiwekea usiku usio na mwezi kwa sababu mbalamwezi huiharibu kuliko zile nyingine mbili. Picha 84 za dakika kumi kumi, zaidi ya GB 10, bando lililia. Kwangu mvua inapiga bati asubuhi, nakunywa chai na mihogo, na huko kwao ni usiku wa manane anga jeupe, ninaipiga nebula aliyoiandika mwanaastronomia Mfaransa Lacaille mwaka 1752 akiwa Cape, Afrika Kusini, kwenye bara letu hili. Mwanga wake umetembea kama miaka 7,500. Mnaorukaruka, leo Orion nusu saa, kesho Lagoon nusu saa, mnatupa hela. Kaa na kitu kimoja. Na tazama saa. Nimeshasema? Narudia, tazama saa.

Mdogo wangu wa Iringa, simu yangu ina kioo kilichopasuka na kazi yake ilikuwa alamu. Panga mpango wako, nitumie niuone kabla hujalipa. Ila si Jumamosi, nina harusi Tukuyu.