Macho juu ya kisanduku cha chai
Dada, umeuliza kama ubandike picha ya macho hapo ofisini, maana watu wanakunywa chai bila kuweka hela kisandukuni. Wazo hilo lilijaribiwa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, matokeo yakatoka 2006: kwa wiki 10 waliweka kwa zamu picha za maua na za macho juu ya bei za vinywaji. Wiki za macho, malipo yalikaribia mara 3! Ila uchambuzi wa 2017 uliokusanya majaribio mengi haukuona macho ya picha yakiongeza ukarimu. Mimi ningeweka daftari, kila mtu aandike jina na alicholipa. Macho ya wenzake ndiyo anayoyaonea haya. Aliyekwama muulize faraghani, pengine mambo yamembana.